Kunde za Bi Wahiba

Kinondoni, masika ya 1957

Jumatano ya Majivu, 6 Machi

Padri kanipaka majivu kwenye paji la uso, akaniambia mie ni mavumbi. Nilitaka kumjibu kwamba amechelewa, daktari alikwisha kuniambia juzijuzi. Nikanyamaza, maana nyuma yangu walipanga mstari watu wenye haraka ya kuwa mavumbi.

Jumamosi nilianguka barazani kwa Aidarus. Sikuanguka kwa ulevi, ingawa wapo waliosema hivyo. Nilikuwa nimekaa, nikainuka kuchukua kikombe cha kahawa, dunia ikageuka, nikajikuta nimelalia gunia la mchele. Aidarus, Mwarabu wa Shihiri mwenye duka, badala ya kuniinua alishika kifua chake akakaa chini, akaanza kusoma shahada. Mwanangu Ansbert, karani wa mjini, alipopita akitoka kazini akatukuta wazee wawili tumelala dukani kama mizigo iliyokosa mwenyewe. Akatupakia sote kwenye teksi.

Daktari alinifunga mpira mkononi, akaminya kipira, akatazama zebaki inavyopanda, akatikisa kichwa. Akamfunga Aidarus, akatikisa kichwa vilevile. Tukafurahi kwamba tuko sawa. Ndipo akasema damu yetu inakwenda kwa nguvu mno. Moyo unasukuma kama mtu mwenye mkokoteni kwenye tope. Siku moja ama moyo utachoka, ama mshipa mdogo kichwani utapasuka, na ukipasuka mtu hupotelewa na mkono, na mguu, na maneno, pengine na akili.

"Vidonge nitawapa," akasema, "lakini dawa kubwa iko jikoni kwenu. Chumvi iwe kidogo kama haipo. Samli, nyama ya mafuta, halua, basi. Mchicha, kunde, maharage, samaki wa kuchemsha, ugali wa dona, mapapai, machungwa. Hivyo ndivyo vitawalinda moyo na kichwa."

"Na raha tutaila wapi, daktari?" akauliza Aidarus.

Daktari akaandika vidonge. Kijana yule hajui raha ni nini, ana shingo nyembamba.

7 Machi

Tekla, mke wa Ansbert, kanipikia kunde bila chumvi, bila nazi, bila chochote. Nimesema zina ladha ya hospitali. Nimempa paka. Paka naye kanusa akaenda zake.

8 Machi

Leo tumefanya agano, mie na Aidarus.

Shida ilikuwa hii. Aidarus ana duka. Samli anayo kwa madebe, halua anayo kwa sinia, na mkewe Bi Wahiba akikaripiwa kidogo humpa anachotaka. Mie duka sina, lakini ulimi ninao. Nikimlalamikia Ansbert jioni, kesho yake mchuzi unaelea mafuta. Kila mmoja nyumbani kwake ni sultani, na masultani hawapiki mchicha.

"Basi tubadilishane majiko," nikamwambia. "Tekla akupikie wewe. Bi Wahiba anipikie mie. Mkwe wangu huwezi kumkaripia, utaaibika. Mkeo siwezi kumkaripia, utanipiga."

"Naam, nitakupiga," akasema Aidarus. Akafikiri, akishika ndevu. "Yakhe Gaspar, una akili kuliko sura yako. Ukila majani, nami nala majani. Tukifa, tufe njaa pamoja."

Tukapeana mikono, ya kulia, mbele ya Bi Wahiba.

Tekla nikamfikishia habari kupitia kwa Ansbert. Kwetu Bukoba baba mkwe hamsemeshi mke wa mwanawe neno la jikoni, wala jikoni kwake hakanyagi, hata nyumba ikiungua. Nimekaa pwani miaka mingi, nimeacha mengi ya kwetu, hilo sijaliacha.

9 Machi

Jioni Tekla kapenya kwenye mwanya wa ua wa makuti unaotutenganisha na kwa Aidarus, kabeba sahani yake. Baadaye kidogo Bi Wahiba kapenya na yangu, imefunikwa kawa nyekundu, inanukia limau. Kunde. Nimezila zote. Nimefuta sahani kwa kidole.

12 Machi

Mvua. Kunde za Bi Wahiba tena, na papai. Sijui mwanamke yule anazifanyaje. Hazina chumvi, hazina samli, lakini zina utu ndani yake. Nikamwambia Ansbert, kwa sauti ya kufika jikoni: "Mwambie mkeo aende ng'ambo ya ua akajifunze kupika kwa Waarabu."

Jikoni sufuria ikaanguka. Ansbert akacheka akaficha uso kwenye gazeti. Sikuona cha kucheka.

13 Machi

Mvua.

17 Machi

Baada ya misa nimekwenda kwa miguu hadi Magomeni kumwona mgonjwa, nimerudi kwa miguu, sikupumzika njiani. Zamani ningekaa mara tatu nikijifanya natazama watu. Kizunguzungu hakijanirudia. Hata majina ya watu yananijia upesi. Nimemkumbuka hadi yule mnyapara wa reli aliyeniibia koti zamani za vita, na jina la mama yake nikamtukania.

Nimepita kwa Aidarus kumwonyesha. Yeye anasema yu vizuri pia. Anamsifu Tekla hadi anapitiliza: kunde zake, mchicha wake, samaki wake wa majani ya mgomba. Lakini jasho linamtoka akiwa amekaa, na kanzu imembana tumboni.

"Mshihiri wewe," nikamwambia, "mbona majani yanakunenepesha?"

"Ng'ombe ala nini, yakhe? Si majani? Umemwona ng'ombe mwembamba?"

Tukacheka hadi wateja wakageuka. Nilirudi nyumbani na furaha. Nimeishi na watu wengi, ndugu wa damu, ndugu wa dini, watu wa kazini. Hakuna aliyewahi kujinyima kitu ili mie nisijinyime peke yangu. Huyu, mtu wa msikiti, mwuza halua asiyeonja halua yake, ndiye kanishika mkono uzeeni.

Nimeandika hivyo na sifuti, ingawa ni maneno ya kike.

23 Machi

Mvua imeangusha upande wa ua. Sasa mwanya umekuwa mlango. Kunde.

31 Machi

Mwezi umeandama. Kesho Aidarus anaanza kufunga, mie niko katikati ya Kwaresima. Nikamwambia, mwaka huu Mungu katuwekea njaa zetu siku moja ili asipate taabu ya kuzitazama mara mbili. Kaniambia nitubu.

Nimemwuliza, akifungua atafungulia nini. Kasema, "Tende moja, maji, kisha sahani ya mkweo. Ahadi ni ahadi." Machozi yalinilenga. Nikasingizia moshi.

6 Aprili

Tumbo langu limerudi mahali pake. Nimetoboa mkanda tundu jipya.

9 Aprili

Nimemwona Aidarus akipanda ngazi za duka lake, ni ngazi mbili tu, akasimama katikati. Nikasema ni saumu. Nimemwombea kwenye rozari, nikamtaja kwa jina kamili, Mungu asimchanganye na Aidarus mwingine.

Ijumaa, 12 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Mvua ilishika tangu alasiri. Bi Wahiba alikwenda msibani Magomeni, maji yakamfungia huko. Mie nilikuwa nimekaa upenuni. Nilimwona Tekla akitengeneza samaki wa Ijumaa: anamlaza kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, anaweka nyanya na kitunguu, anakunja jani kama bahasha, anafunga kwa ugomba, mafundo mawili na kitanzi. Ni fundo la kwetu. Mama yangu alifunga hivyo. Hapa pwani sijamwona mtu anayefunga samaki hivyo. Akamvusha kwenda kwa Aidarus kabla ya adhana.

Adhana ikalia. Punde Aidarus mwenyewe akatokea uani, gunia kichwani kujikinga mvua, akanipa sahani iliyofunikwa kawa nyekundu. "Bi Wahiba kakuachia hii, yakhe. Kula ingali moto." Akakimbia, maana alikuwa anataka kufuturu.

Nikafunua kawa.

Jani la mgomba. Ugomba. Mafundo mawili na kitanzi.

Nilidhani ni kichwa changu, ule mshipa wa daktari. Nikagusa. Jani lilikuwa la moto. Nikafungua fundo, samaki akanitazama kwa jicho lake jeupe, akaniambia kila kitu.

Sikuchukua mwavuli. Nilipita ule mwanya uliopanuliwa na mvua nikaingia uani kwa Aidarus bila hodi. Alikuwa kwenye mkeka. Mbele yake bakuli la bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, limechimbwa kisima katikati, kisima kimejaa samli. Sambusa. Sahani ya halua. Midevu inameta kama imepakwa nta.

Aliinua macho. Hakushtuka hata. Hilo ndilo lililoniua.

"Karibu futari," akasema.

"Chakula changu kinatoka jiko gani, Aidarus?"

Akameza. "Jiko zuri."

"Kinatoka jiko gani?"

"La mkweo, yakhe. Wala si siri kubwa. Nilijaribu siku ya kwanza, wallahi, nikatia mdomoni kunde moja. Haikushuka. Basi kuzitupa ni israfu, nikasema zirudi kwa mwenyewe. Bi Wahiba kahamisha sahani, katia limau, samaki humvua jani. Leo hayupo, nikakuletea kama alivyo." Akafuta midevu. "Na wewe ukazipenda! Ulizisifu barabara nzima! Ningekuja kukwambia nini?"

"Ulinipa mkono."

"Na nusu ya ahadi nimetimiza. Si umekula? Si umepona? Jitazame, kiuno kama cha bwana harusi. Mie mtu wa kufunga mchana kutwa, nifungulie majani kama mbuzi?"

"Daktari alisema mshipa wa kichwani."

"Daktari yule ana shingo kama kuku."

Hayo ni maneno yangu mie. Nilimwambia mie. Anatumia mzaha wangu kunizibia mdomo.

Nikamwambia: "Nilikuwa nakutaja kwenye rozari." Kicheko kikamkauka. Akaanza kusema, "Gaspar, ndugu yangu..." Nikageuka. Nikarudi mvuani. Yule samaki alikuwa amepoa. Nikala, maana njaa haijui heshima, na kila tonge lilikuwa tamu, na kila tonge nikamlaani.

13 Aprili

Nimekata miiba nimeziba mwanya. Mikono imechanika.

Jumapili ya Matawi, 14 Aprili

Mvua imetulia. Nimekaa upenuni na tawi langu la baraka. Tekla alikuwa anachambua mchicha, na kati yetu kuku mweupe alikuwa anajikausha manyoya. Kwa kuwa mkwe simsemeshi mambo ya jikoni, nikamsemesha kuku.

"Wee kuku, katika nyumba hii kuna mtu alijua kwamba sahani zinakwenda na kurudi?"

Tekla hakuinua macho. "Kuku, mwambie Baba, kunde zangu nazijua hata zikivaa kanzu."

"Kuku, muulize alijua tangu lini."

"Tangu siku za mwanzo. Nilifunua kawa nimwekee Baba kijiko, nikaziona."

"Na hakusema!"

"Nilitaka kusema, kuku. Lakini nikamwona Baba anafuta sahani kwa kidole. Juzi yake nilimpa zizo hizo kwa mkono wangu, akampa paka. Nikafikiri, kama zikipita uani kwa watu zinarudi tamu, basi na zipite."

"Na Ansbert?"

"Alicheka mpaka akakaa chini."

Kuku akataka kuondoka. Nikamzuia kwa tawi la baraka, Mungu anisamehe.

"Kuku, na yule mzee wa ng'ambo? Mtu alijua kwamba anakula samli kila siku, na alijua daktari alisema nini. Hakuna aliyepiga kelele?"

Tekla akaweka mchicha chini. Akamwacha kuku, akanitazama mie usoni, jambo ambalo hajalifanya tangu aolewe.

"Mzee Aidarus ana watu wake wa kumpigia kelele," akasema. "Mie nina baba mmoja tu."

Akachukua ungo akaingia jikoni, mahali ambapo siwezi kumfuata.

Nilikaa pale mpaka giza. Nilitafuta pa kuiweka hasira yangu nikakosa. Aidarus kanidanganya ili ale. Tekla kanidanganya ili nile. Ansbert kanidanganya ili acheke. Mpumbavu peke yake katika Kinondoni nzima, aliyepaza sauti barabarani kusifu kunde za Bi Wahiba, ni mie, na ndiye mwenye afya.

Nilimrushia kuku teke. Akakwepa.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Nimefunga. Mvua.

Pasaka, 21 Aprili

Tekla kaniandalia mwenyewe, kwa mkono wake, bila kupita kwa mtu: samaki, kunde, machungwa yaliyomenywa. Kaweka karibu yangu akarudi nyuma. Nimekula. Nimetaka kumwambia kuku kwamba ni tamu, kuku hakuwapo. Nikafuta sahani kwa kidole. Ameona.

Aidarus kaleta salamu za Pasaka kupitia kwa Ansbert. Sikujibu.

23 Aprili

Nimepita mbele ya duka nikatazama upande wa pili. Akaita, "Yakhe!" Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nikasema moyoni, ni halua hiyo. Nikapita.

Alhamisi, 25 Aprili

Aidarus kaanguka. Alikuwa anampimia mteja sukari, kijiko kikamtoka, akakitazama kama hakijui, kisha akaanguka juu ya mizani. Ansbert kampeleka hospitali.

Nilipoambiwa, neno la kwanza lililonijia ni "Si nilisema?" Nililisema kwa sauti. Tekla alilisikia. Nimeona haya mbele ya mkwe wangu, na nimezidi kumkasirikia Aidarus kwa kunitia haya.

27 Aprili

Karudishwa nyumbani. Mshipa wa kichwani, kama alivyosema yule kijana mwenye shingo nyembamba. Upande wa kulia wote umekufa, mkono, mguu, mdomo umekwenda upande. Maneno hana.

Sijaenda.

29 Aprili

Bi Wahiba kapita kwenye miiba yangu. Buibui limechanika. Kasimama upenuni, hakukaa.

"Shemeji Gaspar, hali."

"Mpe samli," nikasema.

Akapokea neno lile bila kutikisika. "Nitukane ukipenda, unayo haki. Kunde nilizihamisha kwa mikono hii, limau nikalikamua mie. Nikimwambia, mume wangu, acha, hujibu, 'Gaspar anapona, wataka nini tena?' Ilikuwa kama akipona mmoja wenu inatosha wote."

Nikaokota mwiba uliodondoka kutoka kwenye buibui lake.

"Mkono wa kulia haupo, shemeji. Wa kushoto mzima, lakini kula kwa kushoto hataki, nikimtia kijiko hukitupa. Nikimlisha mie, hufumba mdomo akageukia ukutani. Wanawe wamejaribu, ni vivyo hivyo. Aona haya. Tangu arudi ni maji tu. Daktari asema asipokula hafiki mwisho wa wiki."

"Mie nifanyeje? Mie ndiye niliyedanganywa naye."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema. "Kwako wewe haya ilikwisha kumwisha, siku ile ya samli."

Akaondoka kwa miiba ileile.

Jumatano, 1 Mei, Idi

Barabara imejaa kanzu nyeupe na matope mekundu. Asubuhi nimeondoa miiba.

Tekla aliponda kunde na papai mpaka zikawa laini kama uji, akazitia kwenye bakuli. Hakuniuliza naenda wapi. Akafunika, akanipa kwa mikono miwili.

Aidarus alikuwa kitandani amegeukia ukutani. Bi Wahiba kakaa miguuni. Nilivuta kigoda nikakaa upande ambao jicho lake zima lingeniona. Jicho likaniona, likajaa maji, likataka kukimbilia ukutani.

"Usigeuke," nikamwambia. "Nimekuja kukutukana, na mtu hatukanwi mgongoni. Sijakusamehe, Mshihiri. Nataka uelewe hilo. Ukifa leo utakwenda kwa Mola wako na kesi ya Gaspar mkononi, na mie sitakuja kukutolea ushahidi. Kwa hiyo kula."

Akafumba mdomo, upande unaofumbika.

Nikanawa. Nikaonyesha mkono wangu wa kulia mbele ya jicho lile. "Unaujua huu? Uliushika ukauahidi, ukaudanganya. Ndio utakaokulisha, si mwingine."

Nje watu walikuwa wanapeana mkono wa Idi. Kisha mdomo ukafunguka kidogo, kama mlango wa mtu anayeogopa mgeni.

Tonge la kwanza lilimwagikia upande uliokufa. Nikamfuta kwa upindo wa shati langu. La pili nikaliweka upande mzima, nikamtazama koo. Sikubandua macho. Safari hii nilitaka kuona kwa macho yangu kinakoishia chakula. Koo likapanda, likashuka. La tatu likashuka. La nne akalizungusha mdomoni muda mrefu, uso ukikunjamana, jasho likimtoka, nikadhani anapaliwa. Bi Wahiba akainuka.

Likatoka neno. La kwanza tangu aanguke, limevunjika katikati, lakini neno.

"Chum... vi."

Bi Wahiba akajifunika ushungi akalia kwa sauti. Mie nikachota tonge jingine.

"Hakuna," nikamwambia. "Fungua mdomo, mwongo wewe."

Akafungua.